Mbao za Adela

Vijana, kitanda hakilii kwa sababu ya uzito. Toeni hilo kichwani kwanza. Nimeona mume na mke, wote wawili wembamba kama dagaa wa Kibirizi, wanaopiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wanaitikia, na nimeona watu wa miraba minne wanaolala kimya kama wako msibani. Kitanda kinalia kwa sababu mbao mbili zinasuguana na hakuna kitu katikati yake. Dawa ni sabuni ya kipande. Unaipaka kavu kwenye ulimi wa ubavu kabla hujauingiza kwenye tundu la mguu, halafu unakata vipande vya tyubu ya baiskeli na kuvigongomea pale chaga zinapokalia. Basi. Siri ya maisha yangu yote ya ufundi hapa Gungu nimeitoa kabla hata hamjakaa vizuri, na asiye na subira anaweza kwenda zake.

Mliobaki, nawauliza swali aliloniuliza Mzee Feruzi wa Ujiji, aliyenifundisha kushika randa. Nilikuwa nimeshuka kutoka milima ya Kasulu, Kiswahili changu kina lafudhi nzito ya Kiha, na nilijiona fundi kwa sababu nilijua kuchonga kigoda. Akaniuliza, "Sadoki, hiki kitanda tunamtengenezea nani?" Nikajibu kwa kujiamini kwamba tunawatengenezea bwana harusi na bibi harusi. Mzee alicheka mpaka akaweka randa chini na kufuta macho kwa kofia yake.

"Hao ni wa kulalia tu," akasema. "Kitanda ni cha mama mkwe aliye chumba cha pili. Ni cha shangazi atakayekuja kukikagua. Ni cha watu watakaosimama barabarani kikipita. Hao wakisharidhika, maharusi hata wakilala kwenye mkeka nani atajua?"

Nilidhani ananitania. Baadaye nikaja kuelewa kwamba hilo ndilo lilikuwa somo lenyewe, na randa na patasi ni nyongeza tu.

Mtaani kwetu kitanda cha harusi hutoka kwa baba wa binti. Kwenu sijui, kila nyumba ina wazimu wake. Na hakitoki kikiwa kimefunguliwa. Kinasafiri kimesimama kwa miguu yake, godoro juu, shuka limetandikwa, mito imepangwa, ili kila aliye njiani aone kwamba mzee fulani hakumtoa binti yake kama anatoa kuku. Shangazi wa binti ndiye anayekikalia kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Hiyo ni haki yake, na ole wake atakayemtangulia. Sasa ninyi mliosoma hebu pigeni hesabu: kitanda cha sita kwa sita kilichosimama, na mlango wa nyumba ya kupanga. Hakiingii. Hakijawahi kuingia. Kila mtu anajua hakiingii, na kila harusi kinaletwa kimesimama vilevile. Kwa hiyo pale mlangoni wanawake wanashika vitenge, wanatengeneza ukuta, fundi anajificha ndani ya ukuta huo na spana yake, anakifungua kwa siri, anapitisha vipande na kwenda kukiunga chumbani. Nje wanaimba kama watu wasiojua kinachoendelea.

Safari moja tulipeleka kitanda kijiji cha ziwani, kaskazini ya mji, kwa boti. Humo botini kitanda kilikuwa kimesimama, shangazi yuko juu yake na mwavuli, na mimi na Mzee Feruzi tumebanwa pembeni na madumu ya mawese. Abiria mmoja aliuliza kwa upole kwa nini kisifunguliwe ili watu wapate pa kuweka miguu. Shangazi alimtazama, na yule bwana akaamua kutazama maji mpaka tulipofika.

Tulipofika, wanawake wakazungusha vitenge, nami nikaingia kazini. Nilikuwa nimeshatoa mbavu zote mbili ndipo upepo wa ziwa ulipokuja na kupeperusha ukuta mzima. Kijiji chote kikaona kitanda cha harusi kiko vipande mchangani, na mimi katikati nimekumbatia kichwa chake kama mwizi aliyefumaniwa.

"Yebaba we!" akapiga kelele bibi mmoja wa upande wa bwana harusi. "Ndoa imefunguliwa kabla haijafungwa!"

Wengine wakadakia. Mmoja akauliza kama boti bado ipo. Bibi harusi akaanza kulia, na kilio chake hakikuwa kile cha kuigiza. Nilitamani ziwa linimeze.

Mzee Feruzi hakutikisika. Akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na ushamba, "Kwani ninyi huku kitanda hakiogi?"

Watu wakatazama kitanda.

"Bibi harusi ameoga?"

Wakasema ameoga.

"Bwana harusi naye?"

Wakacheka, wakasema wanatumaini hivyo.

"Basi kitanda peke yake ndicho kiingie na vumbi la Ujiji?" Akanigeukia. "Sadoki, chota maji."

Nikachota maji ya ziwa nikaogesha mbao za mninga, kinyume cha kila alichonifundisha kuhusu maji na mbao, na wale wanawake waliokuwa wanatukejeli sasa wakapiga vigelegele. Mpaka leo kijiji kile kitanda hakiingii ndani bila kuogeshwa. Wanasema ni mila ya mababu. Mafundi wa huko wananilaani kila masika, maana ndimi zinavimba na hazitoki tena kwenye matundu.

Msicheke sana, kuna watu walifanya vituko kuliko hao. Palikuwa na bwana mmoja Ujiji, mwenye wake wawili na nia njema, ambavyo ni mizigo miwili mikubwa kwa mtu mmoja. Aliagiza vitanda viwili sawa kwa sawa. Bi mkubwa akatuma uzi wa kupima, bi mdogo naye akatuma wa kwake, vipimo vikakubaliana, nikadhani nimepona. Kumbe kichwa cha kitanda cha bi mdogo kilikuwa na jicho la mti, lile duara jeusi linalobaki tawi linapokatika. Bi mdogo akasema jicho lile limewekwa na mwenzake ili limchunge. Bi mkubwa kusikia hivyo, akauliza kwa nini yeye hakuwekewa jicho, ina maana hana cha kuchungwa? Yule bwana akaja karakana amechoka, akaniomba nichonge jicho nilipachike kwenye kitanda cha bi mkubwa. Nikalipachika. Likaonekana kubwa kuliko la kwanza. Mara ya mwisho nilipompitia alikuwa amelala sebuleni kwenye mkeka, na aliniambia hajawahi kulala vizuri namna ile.

Sasa mimi niliyecheka desturi za watu wote hao, nikaenda nikatengeneza ya kwangu.

Mke wangu alipojifungua binti yetu wa pekee, Adela, nilikuwa nimepata gogo zuri la mninga. Nikalipasua mbao, nikazipanga juu ya kenchi za paa la karakana, nikaweka vijiti katikati ili hewa ipite, nikazifunga kamba ya katani. Mbao haziharakishwi, vijana. Ukizitumia mbichi zitakugeuka ndani ya nyumba ya mtu, na lawama itakuja kwako. Nikasema hizi zitakauka taratibu, na Adela akiolewa atalala kwenye kitanda ambacho hakuna binti wa Kigoma aliyewahi kukilalia.

Kosa ni kwamba nilisema kwa sauti. Mteja akiinua macho na kuuliza zile mbao nzuri ni za nani, najibu, "Za Adela." Basi mtaa mzima ukajua. Adela akiwa shule ya msingi ilikuwa ni utani. Alipomaliza chuo cha ufundi, ikawa ni swali. Alipopita umri ambao wenzake wote walishabeba watoto mgongoni, watu wakaacha kuuliza. Wakawa wanaingia karakana, wanatazama juu, wanatazama chini, wanakohoa kidogo, halafu ndipo wanasema walichofuata. Kikohozi kile mke wangu alikisikia hata asipokuwepo.

Adela ni fundi wa umeme wa jua. Anafunga paneli kwenye mapaa, mjini na vijiji vya ziwani, amevaa suruali na viatu vya kazi. Dada yangu Dorotea, ambaye alinitangulia kuzaliwa na hajaacha kunitangulia katika jambo lolote, alikuwa akisema, "Mwanamke anayeishi juu ya mapaa ataolewa na kunguru." Dorotea anaishi nasi tangu afiwe na mumewe. Walipomaliza matanga, mashemeji zake walisema kitanda ni mali ya marehemu, kikabaki kwao, naye akaja kwangu na sanduku. Kile kitanda nilikitengeneza mimi kwa mikono yangu. Lakini ndivyo ilivyokuwa desturi, tukanyamaza, naye akalala kwenye kitanda chembamba cha paini katika chumba cha uani, na kutokea humo akaanza kutawala nyumba yangu.

Ni yeye aliyeleta habari za Edmundi. Simsemi vibaya Edmundi, alikuwa kijana mwenye adabu na kazi nzuri. Tatizo lake lilikuwa moja, alikuja na wajomba. Adela alimpenda, nilimwona. Alikuwa akishuka kwenye paa la mtu anajipangusa vumbi usoni kabla hajapokea simu yake, kana kwamba simu inaona. Nikashusha mbao. Mtaa ukaziona zikishuka, watu wakaja kunipa mkono, fundi wa baiskeli wa jirani akaniletea soda. Nikaanza kupiga randa.

Siku ya mazungumzo, mjomba mkubwa wa Edmundi alikunywa chai yetu, akala mihogo yetu, halafu akasema hawana neno ila moja. Binti akishaolewa aache kupanda mapaa, kwa sababu mke wa watu hachunguliwi kutoka chini. Alisema kwa heshima kabisa. Wazee wote wakatikisa vichwa kukubali, na mimi nami nina kichwa, nacho kikatikisika.

Adela hakumjibu mjomba. Alimgeukia Edmundi. "Na wewe unasemaje?"

Edmundi akamtazama mjomba wake.

Alimtazama kidogo tu, kama mtu anayeangalia saa. Lakini Adela aliona. Akanyanyuka, akachukua birika, akasema, "Niwaongeze chai?" Akawamiminia wote kwa zamu, akaanza na mjomba. Wale wageni walipoondoka walidhani mambo yamekwenda vizuri. Kesho yake alimpigia Edmundi, akamwambia hapana.

Nikarudisha mbao juu ya kenchi. Kuzishusha nilisaidiwa na mtaa mzima, kuzipandisha nilipandisha peke yangu, na soda haikuja. Mama Adela alilia jikoni, akasingizia moshi, na sisi tunapikia gesi. Hakumlaumu binti yake hata mara moja. Ila alianza kuwasalimia wajukuu wa watu kwa muda mrefu mno, anawashika mashavu, hawaachi, mpaka mama zao wanawavuta.

Adela akahamia Katubuka, kwenye vyumba viwili alivyojipangia. Mke wangu akawaambia watu amesogea karibu na kazi. Kazi yenyewe iko juu ya mapaa ya mkoa mzima, sijui alisogelea paa lipi. Mimi nami mgongo wangu ukanistaafisha. Nikafunga karakana, nikazifunga patasi kwenye gunia, na zile mbao nikaziacha huko juu.

Nilikwenda kumtembelea Adela kwa mara ya kwanza nikiwa na migebuka, samaki wa ziwa letu, iliyofungwa kwenye gazeti. Nyumba yake ilinifurahisha. Kila kona ina taa, kila taa ina swichi yake, hata chooni unaweza kusoma Biblia. Alikuwa jikoni anasonga ugali, nami kwa ufundi wangu wa kupenda kukagua milango ya watu, nikasukuma wa chumbani.

Godoro lilikuwa chini. Shuka limetandikwa vizuri, mto umewekwa, pembeni kiatu na simu. Chini, kwenye saruji.

Vijana, nilishika fremu ya mlango. Mji huu umejaa mabinti wanaolala kwenye vitanda vyangu. Nimewatengenezea mabinti wa wafanyabiashara, wa wavuvi, wa mapolisi, hata wa mzee mmoja ambaye hanisalimii mpaka leo. Na wangu analala sakafuni kama amekuja msibani. Nilitaka kukasirika, nikakosa wa kumkasirikia.

"Shikamoo tena, baba," akasema nyuma yangu, mwiko mkononi. "Umepaona."

"Kwa nini hukununua kitanda? Huna hela?"

"Hela ninayo. Madukani kuna vya chuma vizuri tu." Akatabasamu kidogo. "Lakini nikinunua, watu watasema binti wa Fundi Sadoki analalia chuma. Nikaona nikungoje."

"Mama yako anasema unamngoja mume."

"Mume akija atakuja. Mimi nakungoja wewe, baba. Zile mbao si ulisema ni zangu?"

Nilikuwa nimesema ni zake, mbele ya kila mteja aliyewahi kuinua macho, na kumbe muda wote nilikuwa nikimaanisha ni za bwana mmoja ambaye hata jina lake silijui. Nilikula ugali wake nikasifu migebuka niliyoileta mwenyewe, kisha nikarudi Gungu kwa bodaboda.

Nyumbani nilitangaza kwamba nazishusha mbao. Dorotea akasimama kabla sijamaliza.

"Ukimpa kitanda cha ndoa mtu asiye na ndoa, umemfungia mlango kwa nje. Mwanaume gani ataingia nyumba ambayo kitanda kimemtangulia?"

"Dada, nimefanya kazi hii umri wangu wote. Sijawahi kumwona mwanaume anayeogopa kitanda."

"Cheka tu. Siku kikitoka, mimi usinione huko."

Mama Adela hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa anachambua mchele. Alisema bila kuinua uso, "Baba Adela, ukizishusha hizo mbao umewaambia watu tumekata tamaa." Akaendelea kuchambua. Neno lile liliniuma kwa sababu ndilo nililokuwa najiambia mwenyewe kila nilipopita mbele ya karakana nikaamua nisiingie.

Nilizishusha hata hivyo. Nikafungua gunia la patasi. Mgongo ulilalamika, nami nikaulalamikia. Vijana, mbao zilizokauka miaka yote hiyo zina raha ambayo siwezi kuwaeleza. Randa inapita kama kisu kwenye embe bivu, na rangi inatoka yenyewe, nyekundu iliyoiva, huhitaji kuipaka chochote ila vanishi nyepesi. Nikatoboa matundu kwa mkono, nikakataa mashine ya kijana wa jirani. Vipimo vikawa sita kwa sita.

Hapo ndipo mtaa ulipopata kazi. Fundi wa baiskeli alikuwa wa kwanza. "Mzee Sadoki, sita kwa sita ya mtu mmoja? Upande wa pili atalala nani?" Muuza mchicha akauliza hivyohivyo. Katekista akauliza kwa lugha ya kanisani, lakini swali lilikuwa lilelile. Upande wa pili, upande wa pili. Nikawaambia ninavijua vitanda vyote vya mtaa huu na kama wanataka tuanze kuhesabu upande wa pili wa kila kimoja, nani yupo na nani yuko kwenye pombe, mimi nina nafasi, nimestaafu. Wakakumbuka wana shughuli.

Adela alikuja akanikuta napaka sabuni kwenye ndimi. Akacheka. "Baba, sabuni ya nini? Chumba cha pili hakuna mama mkwe."

"Kitanda changu hakilii," nikamwambia, "hata kama hakuna anayesikiliza."

Kilipokamilika alikizunguka, akapitisha kiganja chake kwenye kichwa cha kitanda. Machozi yalimjaa, akayafuta kwa mkono wa shati la kazi. Halafu akasema, "Tukifungue hapahapa, baba. Tukipakie jioni, watu wakiwa wameingia ndani. Mama asione aibu."

Nikakataa. Hakuna kitanda cha binti kilichotoka karakana yangu kikiwa vipande, na sikuwa na mpango wa kuanza na cha binti yangu. Tukakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, siku ya Jumamosi, jua likiwa utosini. Kitanda kikasimama juu yake, godoro, shuka, mito yote miwili. Adela akakaa mbele na dereva amejiinamia. Mimi nikasimama nyuma nimeshika mguu wa kitanda, na watu wakatoka madukani na simu zao wakaanza kupiga picha. Tulikuwa hatujamaliza hata mtaa wetu ndipo dereva alipokanyaga breki.

Dorotea alikuwa amesimama katikati ya barabara. Amevaa kitenge chake cha Pasaka, mwavuli mkononi.

Nikasema moyoni, sasa ndiyo tunaaibika.

"Sadoki!" akaniita. "Ninyi mna akili? Kitanda cha mtoto wa mdogo wangu kinapita barabarani hakina shangazi juu yake? Watu watasema binti hana kwao!"

"Dada, si ulisema nisikuone?"

"Funga mdomo, nipe mkono."

Nikampandisha. Akakaa katikati ya kitanda kabisa, akafungua mwavuli, akamwambia dereva aende, na aende polepole. Njia nzima hakunyamaza. Aligomba kwa ajili ya vumbi, akagomba kwa ajili ya suruali ya Adela, akamgombeza dereva kwa kila shimo kana kwamba amelichimba yeye. Karibu na sokoni mwanamke mmoja akapaza sauti, "Mama, bwana harusi yuko wapi?"

"Na wa kwako yuko wapi saa hizi?" Dorotea akamjibu. Barabara nzima ikacheka, na yule mama akacheka nao, kwa kuchelewa kidogo.

Katubuka tukakuta Mama Adela ametangulia. Alikuwa mlangoni na wanawake wa pale, amewagawia vitenge vyake vizuri, vile anavyovifungia sandukuni. Akainua cha kwake juu, wenzake wakainua, ukuta ukatengenezwa. Kisha akasema, "Baba Adela, fungua basi, mikono inauma." Nikaingia ndani ya ukuta na spana yangu nikainama kazini, na bolti ya kwanza sikuiona vizuri, si kwa sababu ya uzee. Nje wakaanza kuimba. Sauti ya mke wangu niliisikia juu ya zote.

Kitanda kikaungwa chumbani, godoro likawekwa. Dorotea akaingia, akatufukuza sote tusimame ukutani, akakikalia kwanza kama haki yake inavyotaka. Akajitingisha. Kikakaa kimya. Akajitingisha kwa nguvu zaidi, kikakaa kimya. Kisha akavua ndala, akalala chali na kitenge chake cha Pasaka, akanyoosha mikono huku na huku, haikufika mwisho wa kitanda.

Alilala hivyo mpaka tukaanza kutazamana.

"Adela," akasema akiangalia dari, "hiki kuna mtu anayeweza kuja kukichukua aseme ni cha kwake?"

"Hakuna, shangazi. Ni changu."

"Hata ukiolewa?"

"Hata nikiolewa."

Dorotea akavuta pumzi ndefu. "Sadoki, mbao zimebaki?"

"Zimebaki kidogo. Lakini dada, mimi nimestaafu."

"Utastaafu ukimaliza changu. Sita kwa sita," akasema, akajigeuza taratibu akalala upande wa pili, ule ambao mtaa mzima ulikuwa unauliza atalala nani.